Baiskeli kwa Anayeanza Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mtu anapotafuta baiskeli yake ya kwanza, awe anakaa Igoma, Nyegezi, Kirumba au ng'ambo Sengerema. Yanaanza na ya mwanzo kabisa, yanamalizia na yale yanayomsumbua mtu akishazoea. Jambo lililokwisha kujibiwa halirudiwi. Utaelekezwa namba ya swali.

## Aina za baiskeli

1. Kwani baiskeli si zote sawa?

Zote zina magurudumu mawili, ila kila moja imeundwa kwa njia yake na mzigo wake. Pita penye mafundi wengi hapa mjini utaziona: ile kubwa nyeusi ya chuma ambayo watu huiita Phoenix hata kama fremu imeandikwa Avon au Hero, za mtumba kutoka Japani zenye kikapu mbele, za milimani zenye gia na matairi ya kashata, za mbio, chache, zenye usukani uliojikunja kwenda chini, na za watoto.

Kabla hujauliza bei, jiulize mambo matatu. Utapita njia gani? Utabeba nini? Fundi wa mtaani kwako ana vipuri vya baiskeli gani? Hilo la tatu watu wengi hulisahau, na ndilo linaloamua kama baiskeli itakuwa barabarani au itaegemea ukuta miezi miwili ikisubiri tairi.

2. Phoenix bado inafaa, au imepitwa na wakati?

Inafaa sana, hasa kwa tambarare na kwa mzigo. Umbo lake limetoka kwa baiskeli za Kiingereza kama Raleigh za mwanzoni mwa karne ya 20, na viwanda vya China na India vimeendelea kulitengeneza kwa sababu halina mambo mengi ya kuharibika. Tairi la inchi 28 ni kubwa, kwa hiyo linapita juu ya vishimo bila kukurusha. Fremu ni ya chuma, ikipasuka inachomelewa hata kijijini. Hesabu spoku za gurudumu la nyuma: kwa desturi ni 40, na za mbele ni 32. Nyuma zimeongezwa kwa sababu uzito wote unakaa huko.

Udhaifu wake ni uzito, kilo 20 hivi, na kukosa gia. Njia ya Kirumba kwenda Ilemela haina shida. Ukikaa juu huko mawe ya Mabatini au Bugarika, utaisukuma kila jioni. Kama umeipenda hata hivyo, soma swali la 20.

Vipuri vyake ndivyo utakavyovikuta kwanza katika duka lolote la Kanda ya Ziwa, kuanzia Magu mpaka Nansio. Kwa mtu anayeishi mbali na mji, hoja hiyo peke yake inatosha.

3. Hizi za mtumba za Kijapani zenye kikapu zinafaa kwa kazi gani?

Kwa mizunguko ya mjini: sokoni, kazini, kumpeleka mtoto shule. Unakaa wima, cheni imefunikwa haikamati nguo, stendi ina miguu miwili kwa hiyo baiskeli haianguki ukipakia, na nyingi zina taa na madigadi tangu kiwandani. Baadhi zina gia tatu zilizofichwa ndani ya habu ya nyuma (kitovu cha gurudumu), ambazo kwa vilima vidogo zinatosha.

Angalia mambo mawili kabla ya kulipa. La kwanza ni kufuli ya duara iliyofungwa kwenye gurudumu la nyuma. Kama haina ufunguo, iondolewe mbele yako, maana ikijifunga njiani baiskeli haiendi. La pili ni saizi ya tairi, ambayo ina mtego wake (swali la 9).

4. Ninakaa mlimani. Nichukue ya gia?

Ndiyo, na ya milimani ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi. Gia zake ndogo zinapandisha, matairi mapana yanashika kwenye changarawe na mchanga, na breki zake zina nguvu wakati wa kushuka.

Ushauri wangu: tafuta yenye foku ngumu (uma unaoshika gurudumu la mbele, usio na springi), au yenye springi mbele tu. Zile za bei nafuu zenye springi kubwa katikati ya fremu zinavutia macho, lakini springi ile inameza nguvu yako kila unapokanyaga, inaongeza uzito, na viungo vyake vikianza kulegea fundi hana cha kubadilisha.

5. Na ya mbio?

Isiwe ya kwanza. Tairi lake jembamba linataka lami safi na upepo mwingi, na shimo moja linaweza kukunja ringi. Ukitaka kushindana, anza na uliyonayo; katika mbio za Kanda ya Ziwa watu wameshindana kwa Phoenix.

6. Baiskeli ya kike ni ya wanawake peke yao?

Hapana. Bomba la juu limeinamishwa ili mwenye gauni au kanga apande bila kurusha mguu, lakini faida hiyo ni ya kila mtu. Mzee mwenye goti bovu na kijana aliyefunga gunia nyuma wote hawawezi kurusha mguu juu ya mzigo. Fremu ya namna hii hujipinda kidogo zaidi chini ya mzigo mzito sana; kwa matumizi ya kawaida hutaona tofauti.

## Saizi na kukaa

7. Nitajuaje kama inanitosha, na kiti kiwe juu kiasi gani?

Simama umeiweka katikati ya miguu, nyayo zote chini. Bomba la juu lisikuguse. Ya mjini iache nafasi ya vidole vitatu hivi, ya milimani iache zaidi. Inayokugusa ni kubwa, na hakuna namna ya kuipunguza.

Kiti ni kazi ya dakika tano, nayo ndiyo inayookoa magoti. Egemea ukuta, kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuinamia upande. Ukianza kuendesha utakanyaga kwa mbele ya wayo, na goti litakunjika kidogo tu, inavyopaswa. Wanaoanza hupenda kiti cha chini ili miguu yote ifike ardhini. Fanya hivyo siku za kujifunza, kisha pandisha kidogo kidogo. Anayeendesha magoti yakimkaribia kifuani anachoka kabla ya Buhongwa na kusingizia baiskeli.

Bomba la kiti lina alama ya mwisho iliyochongwa. Isionekane nje ya fremu. Ikionekana, tafuta bomba refu zaidi.

## Sehemu za baiskeli

8. Nikienda kwa fundi, niseme nini? Sijui majina.

Anzia mbele. Usukani umeshika foku, na foku imeshika gurudumu la mbele. Gurudumu ni tairi nje, tyubu ndani, ringi inayovishwa tairi, spoku zinazovuta ringi kutoka pande zote, na habu katikati. Ndani ya habu kuna ekseli, gololi, na koni zinazozibana gololi.

Katikati ya fremu ndipo inapopita ekseli ya pedeli, ikiwa na mkono mmoja kila upande. Mkono wa kulia umebeba sproketi kubwa, ambayo cheni yake huzungusha sproketi ndogo ya nyuma iitwayo friwili. Friwili ndiyo inayokuruhusu kuacha kukanyaga wakati baiskeli inaendelea, na ndiyo yenye ule mlio wa tik-tik. Juu ya gurudumu la nyuma ni madigadi na keria.

Ukisema tu "inapiga kelele nyuma", fundi atafungua kila kitu. Ukisema "inalia nikikanyaga, nikiacha inanyamaza", ameshajua aanzie kwenye cheni, pedeli na ekseli yake.

9. Nimenunua tairi la 26 na baiskeli yangu ni 26, mbona haliingii?

Kwa sababu 26 ziko nyingi. Inchi zinazoandikwa ni kipimo cha nje cha zamani, si cha pale tairi linapokalia ringi. Baiskeli ya Kijapani ya 26 × 1 3/8 inakalia kipenyo cha milimita 590. Ya milimani ya 26 × 1.95 inakalia milimita 559. Tofauti ni milimita 31. Tairi la kwanza litapwaya kwenye ringi ya pili, na la pili halitavuka ukingo wa ringi ya kwanza hata ulivute kwa vyuma vitatu.

Inchi 28 nazo zina mambo yake. Phoenix ya 28 × 1 1/2 inakalia milimita 635. Baiskeli za Ulaya zinazoitwa 28, au 700C, zinakalia 622, sawasawa na zile mpya za milimani za inchi 29. Ndiyo maana tairi la "28" la mtumba wa Uholanzi haliendi kwenye Phoenix.

Shika kanuni hii: lililoandikwa kwa sehemu (1 3/8, 1 1/2) na lililoandikwa kwa desimali (1.95, 2.125) hayabadilishani, hata kama kihesabu yanaonekana sawa. Njia ya uhakika ni kutafuta ubavuni mwa tairi namba mbili zenye kistari, kwa mfano 37-590. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha ringi. Hiyo ya pili ikifanana na ya tairi lako la zamani, nunua. Iandike kwenye simu yako leo, kabla tairi halijachakaa ukashindwa kuisoma.

10. Valvu zinatofautianaje? Na kwa nini tairi linaisha upepo usiku bila pancha?

Ziko tatu. Nene kama ya pikipiki, unayoweza kuijaza penye kompresa. Nyembamba ndefu yenye kinati kidogo kileleni, ambacho lazima ukifungue kwanza. Hii huja na baiskeli za mbio na baadhi ya mtumba wa Ulaya. Na ile ya kawaida ya Phoenix na ya Kijapani, yenye kimpira kinachovishwa kwenye kichuma cha ndani.

Kimpira hicho ndicho kinachomaliza upepo usiku. Joto hukikausha, kinapasuka, hewa inatoka polepole. Kabla hujaruhusu tairi lifunguliwe kutafuta pancha, paka mate mdomoni mwa valvu. Mapovu yakitokea, badilisha kimpira; ni kitu cha bei ndogo kabisa dukani.

Ukinunua tyubu, valvu ifanane na tundu la ringi. Ringi iliyotobolewa kwa valvu nyembamba haipitishi valvu nene.

11. Nijaze upepo kiasi gani?

Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa kawaida kwa PSI. Tairi la Phoenix hukaa kwenye 45 hadi 50, la milimani huanzia 30 hivi kupanda. Penye kompresa ya magari uwe makini: tyubu ya baiskeli ni ndogo, inajaa kwa sekunde chache na inaweza kupasuka mkononi mwako. Jaza kwa mikupuo mifupi ukibonyeza kwa kidole gumba. Tairi lenye upepo mdogo nalo si salama, maana ringi inagonga jiwe moja kwa moja na kutoboa tyubu matundu mawili yaliyo sambamba. Ukiyaona hayo, usitafute mwiba.

12. Gia zinafanyaje kazi?

Hesabu meno. Mbele ikiwa na 48 na nyuma 18, kila unapozungusha pedeli mara moja gurudumu la nyuma linazunguka mara 2.67, na Phoenix inasogea karibu mita 6. Kwa baiskeli ya milimani, weka mbele 28 na nyuma 28: mzunguko mmoja kwa mmoja, unasogea mita 2 hivi. Kazi ya kupanda ni ileile, ila umeikata vipande vidogo ambavyo mguu unaviweza.

Sproketi ndogo mbele na kubwa nyuma ni ya kupanda. Kinyume chake ni ya kukimbia. Badilisha kabla mlima haujakubana, pedeli zikiwa zinazunguka na umelegeza nguvu kidogo. Anayebadilisha huku amesimama juu ya pedeli anakata cheni. Zile gia za ndani ya habu (swali la 3) zinataka kinyume: acha kukanyaga, badilisha, endelea.

13. Breki ipi nitumie, ya mbele au ya nyuma?

Zote mbili, na ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi kwa sababu ukifunga breki uzito wako unakimbilia mbele. Hofu ya kurushwa huja kwa anayeibana ghafla. Ibane taratibu ukirudisha mwili nyuma, na jifunze kwenye uwanja kabla hujashuka Bugando.

Jua kwanza ipi iko mkono upi. Baiskeli za Japani na Uingereza zina ya mbele mkono wa kulia, nyingi za bara la Ulaya zina ya mbele kushoto. Mtumba unatoka kote huko.

Phoenix ina breki za fito zinazovuta raba kutoka chini kwenda juu dhidi ya ringi. Ringi ya chuma ikilowa, breki hizo hushika kwa kuchelewa sana. Mvua ikianza, gusa breki mapema ili raba ifute maji, na acha nafasi kubwa zaidi nyuma ya daladala. Ringi za alumini zina nafuu kwenye maji.

Ipo pia breki ya kurudisha pedeli nyuma, kwenye baadhi ya mtumba wa Uholanzi na Ujerumani. Ni nzuri na haiogopi mvua, lakini cheni ikichomoka, breki ya nyuma hakuna. Baiskeli ya namna hiyo lazima iwe na breki ya mbele inayofanya kazi.

14. Cheni niipake oili gani, na ibadilishwe lini?

Isiwe oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Ina masizi na vumbi la chuma, na ukichanganya na mchanga wetu unapata kitu kinachosaga meno ya sproketi. Futa cheni kwa kitambaa, weka tone moja la oili safi kila kiungo, zungusha, kisha futa tena iliyobaki nje. Oili inatakiwa iwe ndani ya viungo.

Kuipima chukua rula. Viungo 24 vya cheni mpya, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni milimita 305. Vikifika 308, badilisha cheni sasa, kabla haijaharibu sproketi na friwili.

## Kununua iliyotumika

15. Nikague nini, na mimi si fundi?

Usiendeshe kwanza. Inua mbele, zungusha gurudumu, na tazama nafasi kati ya ringi na raba ya breki. Ikipanuka na kufinyana, ringi imepinda. Minya spoku mbilimbili ukizunguka gurudumu lote, uone iliyolegea. Shika tairi juu, litikise kushoto na kulia: likicheza, koni zimelegea au gololi zimeisha. Gololi si ghali. Kwa kawaida nyuma hukaa tisa kila upande za robo inchi, mbele kumi kila upande za 3/16.

Kisha funga breki ya mbele na sukuma baiskeli mbele na nyuma. Mgongano kwenye shingo ya usukani unaonyesha beringi zilizochoka. Shika mikono ya pedeli, itikise upande kwa upande. Vuta cheni mbele ya sproketi kubwa. Ikinyanyuka ukaona jino zima chini yake, imekwisha.

Halafu inama. Pale bomba la juu na la chini yanapokutana na shingo, pitisha kidole upande wa chini. Rangi iliyojikunja au kupasuka hapo ni fremu iliyogonga kitu. Hiyo iache, hata bei iwe nzuri vipi.

Mwisho, mwambie muuzaji apandishe kiti mbele yako. Bomba la kiti lililoganda kwa kutu halitoki kwa maneno.

16. Ninunue wapi?

Mtumba huonekana Mlango Mmoja na kwa mafundi wanaozikarabati mitaani. Mpya ziko madukani katikati ya mji. Mimi ningependelea fundi atakayebaki pale pale wiki ijayo.

## Mambo ya pembeni

17. Naweza kubeba gunia la dagaa kutoka Mwaloni?

Kwa Phoenix ndiyo, na watu hubeba kila siku. Keria yake ya chuma imefungwa hadi kwenye ekseli. Keria za Kijapani mara nyingi zimegongwa namba kama 18 au 27. Hizo ni kilo zinazoruhusiwa. Abiria mzima haingii hapo, na anayetaka kufanya daladala ya baiskeli asiifanyie juu ya keria hiyo.

Uzito ukae chini na usisogee nyuma sana ya ekseli, la sivyo usukani utakuwa mwepesi na gurudumu la mbele litayumba. Ongeza upepo nyuma hadi kiwango cha juu kilichoandikwa. Ringi ya nyuma ikihitaji kubadilishwa, hesabu matundu: habu ya 40 haikubali ringi ya 36.

18. Maji ya ziwa na mchanga vinaharibu?

Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi, kwa hiyo hayali chuma kama bahari. Ubaya wake ni kuosha grisi. Ukipita majini hadi habu zikazama, wanavyofanya watu wa Igombe wakati wa mvua, fungua habu upake grisi upya. Mchanga wa ufukweni ukiufuta kwenye cheni siku hiyo hiyo hauna madhara makubwa.

19. Pedeli ya kushoto haifunguki, fundi anaendelea kukaza tu. Kwa nini?

Uzi wake ni wa kinyume. Ya kulia hufunguka kwa kuzungusha spana kinyume cha saa. Ya kushoto hufunguka kwa kufuata saa. Imefanywa hivyo ili isijifungue yenyewe unapoendesha. Njia rahisi: kwa pande zote mbili, ukiivuta spana iliyo juu kuelekea mbele ya baiskeli unakaza, kuelekea nyuma unafungua. Kwenye pedeli mpya tafuta herufi L na R, na anza kwa vidole kabla ya spana. Uzi wa mkono wa alumini ukiharibika, mkono mzima umekwenda.

20. Naweza kuifunga Phoenix gia?

Za nje, zenye kuhamisha cheni, ni gharama kubwa bila faida, kwa sababu nafasi ya nyuma ya fremu ni finyu kwa friwili ya ngazi nyingi, na utaishia kubadilisha habu, gurudumu na cheni. Habu ya gia tatu ya mtumba inawezekana, ila nyingi ni za matundu 36, kwa hiyo utahitaji na ringi nyingine.

Kabla ya yote hayo, badilisha friwili tu. Toa ya meno 18, weka ya 22. Kwa sproketi ya mbele ya 48 utasogea mita 4.9 kwa mzunguko badala ya karibu 6. Kwenye tambarare utazungusha miguu haraka kidogo, kwenye mlima utafika mbali zaidi kabla ya kushuka. Cheni inaweza kuhitaji viungo viwili zaidi, kwa hiyo usiikate ya zamani kabla hujaipimia juu ya friwili mpya, na mwambie fundi arudishe gurudumu katikati ya fremu kabla hajakaza nati za ekseli.